Saa Nane ya Bi Mwanaidi

Vijana wa karakana, mmeniomba maelezo ya kuitunza saa ya sebule ya juu, ile yenye fremu ya mbao na tarakimu nyekundu, kwa kuwa mimi nimestaafu na nyinyi mnaiogopa. Mnafanya vizuri kuiogopa. Meneja wetu, Janet, alitaka ukurasa mmoja. Nimeshindwa. Tena nimeandika Kiswahili kwa makusudi. Wengi wenu mmezaliwa hapa hapa London, Kiswahili mnakielewa mkigombezwa nacho, kisha mnajibu kwa Kiingereza. Basi someni kwa Kiswahili, mnijibu mnavyojua. Na saa zote humu ni za Kiswahili. Nikitaja ya Kizungu nitasema.

Mambo ya vyeo na mshahara siyagusi. Vyeo vyangu vilikuwa viwili, fundi msaidizi na fundi, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huo huo mnaopata.

Nilianza kazi katika nyumba hii ya wazee ya Peckham Jumapili ya mwisho ya Oktoba, siku ambayo nchi nzima inarudisha saa nyuma kwa saa moja, kwa ajili ya baridi, mpaka mwisho wa Machi. Fundi mkuu wakati ule alikuwa Clive, Mjamaika mrefu, mpole, ambaye hakuwahi kukimbia hata king'ora cha moto kilipolia. Alinikabidhi fimbo ndefu yenye kulabu, ya kuangulia saa ukutani kama mtu anayeangua papai. Nikaangua ya kwanza, nikaanza kuzungusha mshale kurudi nyuma. Clive akanishika mkono.

"Rehema, unafanya nini? Saa hairudishwi nyuma. Saa za zamani ukizirudisha zinaharibika humu ndani. Unaisimamisha, unakaa saa nzima, unaiwasha tena. Basi."

"Na hiyo saa nzima tunafanya nini?"

"Tunakunywa chai."

Nilimwambia kwamba saa hizi si za zamani, ni za betri, za plastiki, zimetengenezwa juzi. Akasema kanuni ni kanuni. Nilidhani tutazisimamisha zote kwa pamoja, chai iwe moja. Clive alizisimamisha moja moja, kila moja na chai yake. Jioni ilipoingia tulikuwa hatujamaliza ghorofa ya chini, na mimi tumbo lilikuwa linacheza kama mtungi kichwani kwa mwanagenzi. Ghorofa za juu zilibaki na wakati wa kiangazi mpaka Jumatano.

Nilimcheka Clive miaka mingi. Lakini jambo jingine alilonifundisha sikulicheka. Alikuwa akisema, kabla hujaigusa saa, muulize mwenyewe anaitazama kwa ajili ya nini. Huyu anaitazama apate dawa, yule apate mechi, mwingine anamsubiri mtu. Saa ni moja, lakini wanachokitafuta humo si kimoja. Clive alistaafu kabla yangu, akarudi kwao, na ile fimbo akaniachia.

Sasa, sebule ya juu. Miaka ya karibuni halmashauri ilianza kutuletea wazee wa kwetu, wengi wao wa Unguja na Pemba waliokuja huku zamani, na wawili watatu wa bara kama mimi mtu wa Muheza. Wakawekwa ghorofa moja ili wapate chakula cha halali na watu wa kugombana nao kwa lugha yao. Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa saa. Saa ya ukutani ilisema nane ya Kizungu, wao wanasoma mbili. Muuguzi anasema dawa saa mbili, Mzee Kombo anazisubiri asubuhi, muuguzi anazileta mchana. Mzee Kombo alikuwa karani wa bandari enzi zake, na hakukubali kufundishwa saa na mtu yeyote aliyezaliwa baada yake.

"Mwanangu," aliniambia, "tutengenezee saa ya watu. Hii ya kwenu mtu asome kitu, atoe sita, abaki na kitu kingine, hii si saa. Hii ni hesabu."

Nilikuwa nimesoma kozi ya jioni ya elektroniki huko Croydon, nikaona ndipo pa kuitumia. Nikanunua taa za tarakimu nne, kibao kidogo cha kompyuta, na kile kijisaa chenye betri ya kidonge kinachotunza wakati hata umeme ukikatika. Fremu nikaipasua kutoka kabati bovu la jikoni. Kazi ya programu ilikuwa nyepesi: chukua saa ya Kizungu, toa sita, onyesha.

Alfajiri ya pili Mzee Kombo aliamka kuswali, akakuta ukutani pameandikwa hasi moja na dakika ishirini. Alirudi chumbani, akavaa koti, skafu na soksi mbili juu ya nyingine, akaswali hivyo hivyo. Asubuhi akaniambia, "Rehema, hiki kipimo chako cha baridi kimeharibika. Alfajiri kilisema chini ya sifuri, na mimi nimetoka jasho mpaka rakaa ya pili."

Kumbe saa kumi na moja ya alfajiri kwa Kizungu ni tano, na tano ukitoa sita unapata baridi. Nikarekebisha: ikishuka chini ya moja, ongeza kumi na mbili. Liandikeni hilo mahali.

Baada ya hapo saa ikawa sawa, na sebule ikatulia, isipokuwa kiti kimoja cha dirishani.

Kiti hicho ni cha Bi Mwanaidi. Yeye ni wa Wete, Pemba, mwembamba, mkali, ana simu ya kubonyeza yenye vibonye vikubwa kama vya lifti. Duniani amebakiwa na mtu mmoja wa tumbo moja, mdogo wake Salama, ambaye hakutoka Wete hata siku moja. Salama humpigia kila Jumapili saa nane mchana. Kiangazi chote mambo yalikuwa hivyo: saa nane simu inalia, wanazungumza, wanacheka, wanamsema fulani. Ikifika baridi, kimya. Jumapili baada ya Jumapili Bi Mwanaidi anakula saa saba, anarudi dirishani, anaikalia simu mpaka giza linaingia. Mwezi wa Machi ukiisha, Salama huyo, anapiga, na wote wawili wanazungumza kama watu walionuniana. Baridi tatu zilipita hivyo.

"Ana kinyongo," Bi Mwanaidi aliniambia siku moja nilipokuwa nabadilisha balbu. "Kinyongo cha kumwacha peke yake na mama. Baridi ndiyo inamkumbusha, maana mama alitutoka mwezi wa Desemba. Atakuja kuniacha moja kwa moja, nife sina wa kunililia."

"Shangazi, si umpigie wewe?"

Alinitazama kana kwamba nimemwomba akatembee Peckham High Street bila ushungi. "Mimi? Mimi mkubwa. Mdogo ndiye anayeamkia. Mimi nikimpigia, nani atasema shikamoo?"

Mzee Kombo akadakia kutoka kiti chake, "Mkubwa ni jaa, Bi Mwanaidi."

"Jaa halipigi simu," akasema Bi Mwanaidi, na mazungumzo yakaisha.

Nakwambieni kweli, iliniuma. Sikujua la kufanya, na mimi ni fundi, si mpatanishi. Nikaenda kufanya ninachokijua: nikaifundisha ile saa kubadilika yenyewe, ili wazee angalau wasichanganyikiwe Oktoba. Nikaandika: ikiwa ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na imefika saa nane za usiku, rudi saa saba. Mstari mmoja, safi. Nikajisifu sana. Wenye kozi za jioni mtaona kosa mara moja, na mtakaa kimya kwa heshima.

Jumapili ile niliingia kazini saa mbili, nikabaki chini na fimbo na birika, nikizisimamisha saa moja moja kwa kanuni ya Clive. Sikupanda juu. Nipande kufanya nini? Saa ya juu ni ya kisasa, inajitegemea.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Usiku saa ilifika nane, ikarudi saba kama nilivyoiagiza. Ikatembea, ikafika nane tena. Ikajiuliza: leo ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba? Ndiyo. Imefika nane? Ndiyo. Ikarudi saba. Hakuna aliyeiambia kwamba ni mara moja tu. Wazee walipoamka ilikuwa saa saba. Walipomaliza kuoga ilikuwa saa saba na nusu. Dirishani hapakuwa na msaada, maana mbingu ya Peckham mwezi wa Oktoba asubuhi ni kijivu na mchana ni kijivu.

Mhudumu wa zamu alikuwa msichana mgeni kutoka wakala, siku yake ya kwanza, ameambiwa jambo moja tu: wasikilize wazee. Akaleta uji. Mzee Kombo akautazama, akaitazama saa.

"Saa saba mnatuletea uji? Saa saba ni wali."

Msichana akateremka jikoni. Jumapili ni siku ya wali wa nazi na kuku, na mpishi huanza mapema. Wakapakua kilichoiva, wazee wakala. Wakanawa, wakamshukuru Mungu, wakakaa. Saa ikafika saba na dakika hamsini na tisa, ikarudi saba kamili.

"Saa saba," akasema Mzee Kombo. "Wali."

Ilipofika mara ya tatu mpishi alinijia chini, kijiko mkononi, akiuliza kama kuna wageni wa harusi huko juu ambao hakuambiwa. Nikapanda. Nikawakuta wazee wamejiegemeza vitini, mikanda imelegezwa, sahani mbele yao, wakila kwa huzuni kama watu wanaotimiza wajibu.

"Mzee Kombo, si mmekwisha kula?"

"Tumekula ya saa saba iliyopita. Hii ni nyingine."

"Na hamkuona kwamba saa haiendi?"

"Wewe mwenyewe Ijumaa ulitutangazia hapa kwamba Jumapili saa itarudi nyuma. Imerudi. Tulikuwa tunakusifu."

Nikaenda kuleta ngazi.

Bi Mwanaidi peke yake hakuwa mezani. Alikula awamu ya kwanza tu, akakaa dirishani na simu mapajani, akisubiri saa nane. Kwa miaka yote hiyo simu yake ilikuwa ikibaki chumbani kwenye chaji wakati wa chakula cha mchana. Siku ile, kwa kuwa alikwisha kula tangu asubuhi, alikuwa nayo mkononi. Nikiwa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, simu ikalia. Saa ukutani ilisoma saba kamili, na kwa mara ya kwanza tangu usiku ilikuwa inasema kweli.

Bi Mwanaidi hakupokea.

"Shangazi, simu."

"Haijafika saa nane. Huyo ni yule mtu wa ajali." Mnawajua: wanaokupigia kukuuliza kama umepata ajali karibuni ili wakudaie fidia. Kila simu asiyoitarajia aliihesabu kuwa ya mtu wa ajali.

Ililia mpaka ikakata, ikaanza tena. Sipendi kelele nikiwa juu ya ngazi. Nikashuka, nikaichukua, nikasema kwa Kiingereza na kwa ukali kwamba hapa hakuna aliyepata ajali na wala hatarajii.

Halafu sauti ya kizee, ya mbali: "We nani? Dada yangu kapata ajali?"

Nikambonyezea Bi Mwanaidi kipaza sauti kwa sababu masikio yake yamechoka, nikampa. Sebule nzima iliacha kutafuna.

"Salama?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona wapiga saa saba?"

"Saa saba ipi? Hapa saa kumi. Miaka yote n'napiga saa kumi! Kiangazi wapokea, ikiingia baridi huipokei. N'napiga, n'napiga, yalia tu. Hata mjukuu kaniambia, bibi, muache, keshakuwa Mzungu huyo. Dada, n'nakukosea nini kila baridi?"

Nikajikuta nimekaa kwenye ngazi. Saa kumi ya Wete haibadiliki. Ni sisi tunaosogea. Kiangazi saa kumi yao ni saa nane yetu. Baridi ni saa saba, na saa saba Bi Mwanaidi yuko mezani, simu iko kwenye chaji. Baridi tatu mdogo mtu alikuwa akiipigia simu iliyolala chumbani, na mkubwa mtu akiisubiri saa moja baadaye, kila mmoja akiamini amechukiwa. Nikawaeleza. Nikaeleza tena. Salama akauliza ni nani aliyewaruhusu Waingereza kusogeza saa, na Mzee Kombo akasema hilo ndilo swali alilokuwa akiliuliza tangu afike.

Walizungumza mpaka chaji ikaisha. Na mimi nikapanda ngazi, nikaanza upya.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo kwenye maelezo mliyoyaomba. Kile kijisaa cha betri ya kidonge humo ndani nimekiweka kwa saa za Wete. Hakibadiliki kiangazi wala baridi, msikiguse. Saa ikitaka kujua London ni saa ngapi, inapunguza mbili wakati wa kiangazi, tatu wakati wa baridi, basi. Kilicho ndani hakisogei, kinachosogea ni maonyesho tu. Mkifanya hivyo haiwezi kukwama.

Mtaona pia kwamba Jumapili ile ya Oktoba saa haibadiliki usiku kama za wengine. Inangoja mpaka saa nne asubuhi, inasimama, na tarakimu nne zinaandika CHAI kwa saa nzima. Kisha inaendelea. Janet aliniuliza kama ni hitilafu. Nikamwambia ni kanuni. Machi inaruka mbele bila sherehe, na Mzee Kombo atawauliza hiyo saa iliyorukwa imewekwa wapi. Mwambieni iko stoo.

Na kuna kengele. Inalia kila Jumapili inapofika saa kumi ya Wete, kiangazi na baridi. Mtashawishika kuiondoa, maana haihusiani na dawa wala chakula. Msiiondoe. Hiyo ndiyo Bi Mwanaidi anayoitazamia. Baridi iliyofuata alikubaliana na mpishi ale Jumapili mapema, saa sita, peke yake, ili kengele ikilia awe dirishani na simu mkononi. Na Salama akapiga baridi yote.

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sikuipanga, ilitokea. Saa nne saa yetu ikaandika CHAI, tukanywa, Mzee Kombo akamwombea Clive heri huko aliko. Saa sita Bi Mwanaidi alikula peke yake. Saa saba kengele ikalia, na sote tukatazama dirishani.

Simu haikulia.

Tulingoja. Wali ulifika, hakuna aliyeugusa. Mimi nilikagua kengele, nikakagua kijisaa, nikakagua simu ina chaji. Kila kitu kilikuwa sawa, na hilo ndilo lililonitisha. Kosa likiwa kwenye saa nalimudu. Bi Mwanaidi alikuwa ameibana simu kwa mikono miwili, midomo ikienda bila sauti, na nikajua anahesabu umri wa mdogo wake. Saba na robo. Saba na nusu.

"Shangazi," nikasema taratibu, "nikupigie?"

Mzee Kombo akajisogeza karibu na dirisha.

"Nipe namba niibonyeze mwenyewe," akasema Bi Mwanaidi.

Nilimtajia kutoka kwenye kijitabu chake, akabonyeza, kibonye kimoja kimoja. Kipaza sauti kilikuwa wazi. Haikulia hata mara mbili, ikapokelewa.

"Halo?"

Ilikuwa sauti ya Salama mwenyewe. Bi Mwanaidi alivuta pumzi, na nadhani alikuwa na maneno mengi aliyoyaweka tangu saa saba, lakini kwa hofu lililomtoka lilikuwa moja.

"Shikamoo."

Salamu ikasafiri kutoka Peckham hadi Wete, jibu likarudi.

"Marahaba," akasema Salama. Halafu haraka haraka: "Dada, kwani saa nane yako ishafika? N'mekaa na simu hapa tangu saa kumi, naisubiri. N'mesikia wala peke yako huko kama kuku wa kufungiwa kwa ajili ya simu yangu, n'kasema mwaka huu n'takungojea mimi, upige saa yako nane, ule na wenzio. Dada? Wanisikia?"

Bi Mwanaidi alinigeukia mimi, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ushungi, kaitoa simu sikioni kana kwamba inaunguza.

"Rehema," akasema, "umemsikia? Kaitikia!"